Kiharusi cha kushoto na cha kulia: kwa nini mgonjwa anayesema vizuri ndiye wa kuchungwa zaidi

Fizio_wa_Amu

Salam aleikum wana wa Amu, kisiwa chetu cha Lamu, na wageni wetu.

Kazi yangu ni kuwafanyisha watu mazoezi baada ya kiharusi. Nazunguka majumbani, Langoni mpaka Shela, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari ameandika ubongo umeumia kushoto, mbona mkono uliolala ni wa kulia? Wamechanganya picha?" Hawajachanganya. Nimechoka kulieleza mlangoni viatu vikiwa mkononi, basi naliandika hapa mara moja. Na nitaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, maana nyumba nyingi zinalichukulia kinyume.

Ubongo umegawika nusu mbili. Amri ya kusogeza mkono wa kulia hutoka nusu ya kushoto, na ya mkono wa kushoto hutoka nusu ya kulia. Nyuzi za neva zinazobeba amri hizo hushuka mpaka sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, pale kichwa kinapokutana na shingo, na hapo nyuzi 80 hadi 90 katika kila 100 huvuka upande wa pili kabla ya kuingia ndani ya uti wa mgongo. Zile chache zisizovuka huhudumia zaidi misuli ya kiwiliwili. Ndiyo sababu mojawapo mgonjwa huweza kuketi mapema kuliko anavyoweza kushika kikombe.

Lakini nusu hizi hazikugawana kazi zote sawasawa, na hapo ndipo penye maneno.

Kwa watu wengi mno lugha imekaa kushoto. Paul Broca, daktari wa Paris, alianza kulionyesha hilo mwaka 1861. Alikuwa na mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka "tan" tu, ilhali anaelewa anachoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kwa hiyo mtu akipooza upande wa kulia, mara nyingi mkono na maneno huondoka pamoja.

Ninaye mgonjwa wa namna hiyo, fundi wa vyombo vya bahari aliyeshika tezo tangu ujanani. Akitaka maji husema "msumari". Anajua amekosea, anajipiga paja kwa hasira, anajaribu tena, na unatoka msumari uleule. Lakini ukimwanzia Alhamdu anaipokea na kuimaliza mpaka waladh-dhaalin bila kukwama. Nyumbani wakasema ama anafanya makusudi, ama kuna mtu kichwani mwake. Hakuna makusudi wala mtu. Maneno uliyoyahifadhi kwa miaka, kama dua, kuhesabu, kasida, hata matusi, hayategemei kazi ileile ya kutafuta neno jipya, na mara nyingi husalimika. Wataalamu wa matamshi hulitumia hilo: mgonjwa hufundishwa kuimba ombi lake kabla hajaweza kulisema.

Na akili yake anayo. Anajua anaowadai na wanaomdai. Wapo ambao hata kuelewa kumeguswa, Carl Wernicke aliwaeleza mwaka 1874, lakini msianze kwa kudhani hivyo. Muulize maswali ya ndiyo na siyo, mpe muda, usimpigie kelele kana kwamba ni kiziwi. Na tafadhalini, msikae kuzungumza habari ya kuuza shamba lake mbele yake.

Huyu watu humlilia. Yule wa pili ndiye wanayemwacha peke yake.

Wa pili amepigwa ubongo wa kulia. Mkono na mguu wa kushoto umelala, ila anasema vizuri, anatania, anauliza samaki bei gani leo. Wageni wanatoka wakimshukuru Mungu kwamba mzee yuko sawa. Hayuko sawa. Nusu ya kulia ndiyo yenye kazi kubwa ya kuangalia nafasi iliyotuzunguka, na ikiumia, upande wa kushoto wa dunia unaweza kumfutikia mgonjwa. Macho yake hayana kasoro. Ni kwamba upande ule kwake haupo, na kitu kisichokuwepo huwezi kukitafuta.

Nimemtazama mmoja akicheza bao. Anachukua kete za mkono wa kulia, anazisambaza vizuri, anakula, anacheka. Kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho la upande huo, kimejaa kete na hazigusi. Mwenzake alipozila, mzee akahamaki kwamba kete zimeletwa kwa wizi.

Sinia nalo huficha ugonjwa huu. Kwetu kila mtu hula mbele yake, kwa hiyo hakuna anayeshangaa mzee asipofika upande wa pili. Mpe sahani yake mwenyewe. Atamaliza wali wa upande wa kulia, aache wa kushoto na samaki wake, kisha alalamike amepakuliwa kidogo. Izungushe sahani, ataendelea kula. Akitawadha, mkono wa kulia unaoshwa mpaka kiwikoni na wa kushoto unabaki mkavu. Akivaa kanzu, mkono mmoja unaingia na mwingine unaning'inia. Akipita kichochoroni bega la kushoto linakwaruza kuta, na punda akija upande huo, hamjui mpaka amgonge.

Lililo zito zaidi ni kwamba baadhi yao hawajui kuwa wamepooza. Mwambie anyanyue mkono wa kushoto, atakujibu ameshaunyanyua. Huyo ndiye anayeamka usiku kwenda msalani bila kumwita mtu, na ngazi za nyumba zetu mnazijua zilivyo. Naona tumekosea vipimo: tunapima uzima wa mtu kwa ulimi wake.

Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

Mzee_wa_Mkunguni

Mwanangu, Mungu akuzidishe. Yeo umenifungua mato. Ila nina neno. Sisi tumekua tukiambiwa mtu akiamka mdomo umekwenda upande, huyo ni upepo, akandwe mafuta na asomewe. Na wengine walipona kwa mato yangu, nimewaona. Hao nao walikuwa na ubongo uliovuka ndia?

Fizio_wa_Amu

Mzee wangu, marahaba, na uliyoyaona uliyaona kweli. Mara nyingi wanaopona hivyo hawakuwa na kiharusi. Upo ugonjwa wa neva ya uso yenyewe, ule unaoitwa kwa jina la Charles Bell, na wengi wao hupona hata wasipokandwa. Wakiwahi hospitali ndani ya siku 3 za mwanzo hupewa dawa zinazoongeza nafasi ya kupona sawasawa, na jicho lisilofumba hulindwa lisikauke.

Mtazame kipaji cha uso. Sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka nusu zote mbili za ubongo, na ya chini hutegemea zaidi nusu iliyo kinyume nayo. Kwa hiyo kiharusi cha nusu moja kwa kawaida huangusha mdomo lakini kipaji bado kinakunjamana pande zote mbili. Neva ya uso ikiugua yenyewe, kipaji cha upande ule hulala pia, na jicho halifumbi.

Lakini nasema haya mjue jinsi mwili ulivyopangwa. Asitokee mtu akamtazama babake kipaji kwenye baraza kisha akaamua kulala mpaka asubuhi. Mdomo ukienda upande ghafla, hospitali.

Wa_Kikowani

Nimecheka hapo kwa kanzu halafu nikanyamaza, maana ami yangu yuko hivyohivyo na sisi tunamwita mvivu wa kuvaa 😔

BintiShela

Kaka Fizio, ahsante sana. Mimi swali langu ni kwa nini ivuke hata kidogo? Mungu angeweza kuweka kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto, kazi ikaisha.

Nahodha_Matondoni

@BintiShela mbona sisi hatushangai? Ukisukuma kana kushoto chombo huenda kulia. Ubongo una kana yake 😂

Fizio_wa_Amu

Nahodha umenishinda, hiyo nitaiiba. Ila kana ina sababu inayojulikana, ni maji yanavyolisukuma jani la usukani. Ya ubongo wataalamu bado wanabishana.

Dada BintiShela, kwamba kuna kuvuka kumejulikana zamani sana. Katika maandishi ya Wagiriki yaliyohusishwa na Hippocrates imetajwa kwamba mtu akijeruhiwa upande mmoja wa kichwa, degedege humkamata upande wa pili. Walichokosa ni kuona mahali penyewe. Mwitaliano Domenico Mistichelli alizieleza nyuzi zinazovuka mwaka 1709, na mwaka uliofuata François Pourfour du Petit, tabibu wa jeshi la Ufaransa, akaeleza hayohayo kwa kutazama askari waliojeruhiwa vichwa. Mwaka 1870 kule Berlin, Fritsch na Hitzig waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme kidogo, nusu moja, na mguu ukaruka upande wa pili.

Sababu sasa. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania, mwaka 1898 alisema chanzo ni macho. Taswira huingia machoni ikiwa imegeuzwa, na ili nusu mbili za picha ziungane ubongoni bila kukatika katikati, neva za macho zililazimika kuvuka, na nyingine zikafuata. Wengine wa miaka hii wanasema ni kichwa: kwamba zamani katika safari ya viumbe wenye uti wa mgongo, kichwa kilijipinda juu ya kiwiliwili na nyuzi zikapindana pamoja nacho. Samaki anayo mivuko ya namna hii, ndege anayo, punda anayo. Mimi ya Cajal naipenda kwa uzuri wake, ila haielezi vizuri kwa nini mkono nao ufuate macho.

Na macho yenyewe yana mtego. Watu hudhani jicho la kushoto liko chini ya ubongo wa kulia. Sivyo. Kila jicho hupeleka nyuzi pande zote mbili, karibu nusu kwa nusu. Kinachogawika ni uwanja wa kuona: vyote vilivyo kushoto kwako, kwa jicho lolote unavyoviona, huishia nusu ya kulia. Ndiyo maana wapo wagonjwa wa kiharusi wanaolalamika jicho moja limekufa, na ukiwafumba moja moja unakuta macho yote mawili yamepoteza upande uleule.

Nesi_Malindi

Naongeza kidogo kutoka wodini, Fizio usinikasirikie. Si kila kitu huvuka. Ubongo mdogo wa nyuma, ule wa mizani ya mwili, hutawala upande wake wenyewe. Nyuzi zake huvuka, halafu amri zinavuka tena, basi zinarudi nyumbani. Mgonjwa aliyeumia hapo kushoto huyumba kushoto. Hao mara nyingi huletwa wakishutumiwa wamelewa, na mtu hajapata kuionja mnazi maishani mwake.

Na hisia zina mpango wake. Za mguso mwepesi huvuka juu, kwenye shina la ubongo, lakini za maumivu na joto huvuka chini kabisa, karibu na pale zinapoingia uti wa mgongo. Ndiyo maana mtu akichomwa kisu mgongoni kikakata nusu tu ya ile kamba ya neva, mguu wa upande uliokatwa hulegea, na mguu ulio mzima ndio usiosikia sindano wala maji ya moto. Aliyeieleza hali hiyo ni jirani yetu wa bahari hii, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, mwaka 1817.

Fizio_wa_Amu

Nesi, nikasirike nini, endelea kukaa hapa.

Kijana_wa_Sifiru

Wadau, mimi nilijaza jaribio kwenye simu likasema mimi ni "mtu wa ubongo wa kulia", yaani msanii, na hisabati si yangu. Shuleni nikaacha kujisumbua na hisabati. Ni kweli?

Fizio_wa_Amu

Mdogo wangu, rudi kwenye hisabati. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichunguza picha za ubongo za watu 1,011 wa umri wa miaka 7 hadi 29, na hawakukuta watu wa ubongo wa kushoto na watu wa ubongo wa kulia. Kazi mojamoja huweza kuegemea upande, lugha ndiyo mfano, lakini mtu kwa jumla haegemei. Nusu hizo zimeunganishwa na mshipi mnene wa nyuzi milioni 200 hivi, na zinasemezana muda wote.

Tunajua umuhimu wa mshipi huo kwa sababu wapo wagonjwa wa kifafa waliokatwa makusudi ili kifafa kisienee. Roger Sperry aliwachunguza, na mwaka 1981 akapata Tuzo ya Nobel. Ukimwonyesha mtu huyo picha ya kijiko upande wa kushoto tu, husema hajaona kitu, maana ubongo wenye maneno haukuletewa habari. Kisha mkono wake wa kushoto unapapasa chini ya meza na kukitoa kijiko. Huo ndio mgawanyiko wa kweli, na wala hauna neno juu ya usanii wako.

Mama_Madrasa

Hapo kwa mikono nina langu. Mwanangu ni mashoto, anaandika kwa kushoto, na anapigwa vidole kwa rula. Mimi nataka ale kwa kulia kama sote, sina ubishi. Lakini kalamu?

Fizio_wa_Amu

Dada, kula kwa kulia ni adabu ya dini, na mtoto hujifunza vizuri tu, kama sisi wa kulia tunavyojifunza kustanji kwa kushoto. Kuandika ni shughuli nyingine, inataka vidole vilivyo hodari. Karibu mtu 1 katika kila 10 duniani ni mashoto, na wengi wao, kama 7 katika 10, lugha yao iko palepale kushoto kama wengine. Rula haihamishi kitu ubongoni. Zungumza na maalimu kwa upole, mpelekee halua, umwombe daftari tu ligeuzwe pembe kidogo mtoto asifute wino kwa kiganja.

Mama_Madrasa

Halua nitapeleka. Rula naiomba iwe yangu.

Nahodha_Matondoni

Sasa utani kando. Mimi ndiye ninayegongewa mlango usiku. Mgonjwa yuko Faza au Kizingitini, maji yamekupwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, na pale nyumbani watu ishirini kila mmoja ana dawa yake. Nifanye nini?

Fizio_wa_Amu

Nilitaka uulize wewe hasa.

Kwanza ulizeni saa. Si saa aliyokutwa ameanguka, bali saa ya mwisho aliyoonekana mzima, na mwandike, maana daktari atauliza hilo kabla ya jina. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ina mpaka wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kutoka kwetu mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 baada ya kuvuka Mokowe. Kwa hiyo simu ipigwe mbele muulize hospitali gani ina mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya ubongo, inayofanya kazi usiku huo. Msifike ndipo muulize.

Asipewe kitu mdomoni. Wala maji ya zamzam, wala asali kwa kijiko, wala uji. Koo linaweza kuwa limepooza, na kilichokusudiwa kuwa baraka kikaingia mapafuni. Asipirini pia hapana kabla ya picha: viharusi vingi ni vya damu kuganda, lakini vingine ni mshipa uliopasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Asimezeshwe vidonge vya presha vya jirani. Alazwe ubavu akitapika, na wale wanaotaka kumwumika waambiwe wangoje. Kisomo kisomwe ndani ya boti, hakuna aliyekikataza.

Na kama saa zimepita, bado mpelekeni. Yapo mengi ya kufanya zaidi ya dawa hiyo moja.

Mzee_wa_Mkunguni

Boti ikiya nami nitapanda kusoma, mradi Nahodha asitoze.

Nahodha_Matondoni

Mzee wewe umewahi kulipa lini 😂

Wa_Kikowani

Fizio, nimerudi. Nimemjaribu ami kwa sahani kama ulivyosema. Kaacha nusu. Mama amelia. Sasa tunamkalisha vipi? Kitanda chake kiko ndani, wageni wote huja upande wake wa kulia kwa sababu ndiko anakoitikia salamu.

Fizio_wa_Amu

Pole sana, na mpe mama pole. Kwa wengi hali hii hupungua miezi ya mwanzo, hasa wakifanyiwa kazi.

Vitu vya lazima, yaani maji, kopo la mkojo, kengele au kijiko cha kugonga, viwe kulia kwake, maana akivikosa ataamka kuvitafuta. Lakini watu waje kushoto. Geuzeni kitanda ili mlango uwe upande huo, mgeni aketi huko na aseme, asubiri mpaka ami ageuze kichwa. Asipogeuza, mgeni amguse bega la kushoto, amwite tena. Kitanda kiwe cha miguu mifupi au godoro liwe chini, na usiku alale mtu chumbani humohumo.

Wakati wa kula, wekeni kitambaa chekundu ukingoni mwa sahani upande wa kushoto, na kabla hajasema ameshiba, akitafute. Mkono uliolala usiachwe kuning'inia wala usivutwe wakati wa kumwinua, bega huteguka upesi. Akitawadha, aanze kwa kuushika mkono wa kushoto kwa wa kulia na kuuweka mbele yake auone.

Nitumie namba ya simu kwenye kikasha cha ndani, nitapita Jumamosi baada ya alasiri.

Wa_Kikowani

Nimekutumia namba. Bao nililete au lisiwepo kwanza?

Fizio_wa_Amu

Lilete. Na mwenye kucheza naye aketi kushoto kidogo, asimhurumie.